Bei ya Mwisho ya Baba

Kwa miaka mingi nilipiga chapa matangazo ya tenda katika ofisi za wilaya, Isiolo, na kwa muda mrefu sikuwahi kujiuliza nyama ya watoto wa bweni inatoka wapi. Niliijua kwa maandishi tu: nyama ya mbuzi, kilo kadhaa kila siku, ifike kabla ya saa mbili asubuhi, iwe na muhuri wa bwana afya. Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nina mshahara, nina viatu vya visigino vinavyozama mchangani, na nilijiona mtu wa maana sana. Mtu wa maana hana haja ya kujua nyama inatoka wapi.

Aliyeniuliza ni baba. Alikuwa na bucha ndogo mjini, na nyumba yetu ilikuwa mtaa wa Kiwanjani. Kabla ya bucha alikuwa mchuuzi wa mifugo, na hata baada ya kufungua bucha aliendelea na uchuuzi, kwa sababu hakujua kukaa kitako. Kila baada ya wiki mbili hivi alikwenda Oldonyiro au Kipsing, akanunua mbuzi kwa wafugaji, akarudi nao kwa miguu pamoja na wachungaji wawili, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope. Wachache aliwachinja kwa ajili ya bucha. Wengi aliwauzia matajiri waliokuja na malori kutoka nje ya wilaya.

"Nyama ya shule inaletwa na nani?" akaniuliza siku moja nikimpakulia chakula.

Nikamtajia tajiri mmoja wa upande wa mlimani, mwenye malori mawili na kampuni yenye jina refu lisiloisha. Baba alicheka mpaka akakohoa. Yule tajiri alikuwa mteja wake. Mbuzi walinunuliwa kwa baba, hapa hapa sokoni Isiolo, wakapandishwa lori, wakapelekwa huko kwenye baridi, wakachinjwa, wakapigwa muhuri, halafu nyama ikateremshwa tena Isiolo na lori lile lile. Asubuhi ilipita mbele ya bucha ya baba ikielekea shuleni.

"Kumbe mbuzi zangu zinaenda kutembea," akasema. "Zinaona mlima, zinarudi."

Akaniuliza kwa nini mtu wa hapa hapewi kazi hiyo. Nilimjibu kwa kiburi changu cha ofisini kwamba hakuna aliyemnyima, ni yeye hajaomba. Akafuta mikono, akasema, "Basi niletee hiyo karatasi."

Nilimletea. Ilikuwa ya Kiingereza, kwa hivyo mimi ndiye niliyeijaza, yeye akiwa ameketi mkekani ananitazama mkono. Tulipofika mahali pa bei kwa kilo, alinitajia bei iliyokuwa juu kuliko hata ile aliyowauzia watu pale buchani. Nilishtuka, lakini nani atamhoji baba yake? Nilidhani anajua alitendalo. Yeye naye, niligundua baadaye, alidhani kwamba mimi mtu wa ofisi ninajua vizuri kuwa hiyo ni bei ya kuanzia tu.

Wasiolijua soko la mifugo la kwetu wataniwia radhi nieleze kidogo. Mnyama hauzwi kwa kupaza sauti. Muuzaji na mnunuzi hushikana mikono, mmoja anaifunika mikono hiyo kwa shuka lake, na bei husemwa kwa vidole huko chini. Kidole kimoja kina thamani yake, viwili vina yake, kiganja kizima kina yake. Midomoni wanaongea mambo mengine kabisa: ugonjwa wa ng'ombe, harusi ya mtoto wa fulani, mvua inayosemekana imeonekana upande wa Merti. Bei ya kwanza ni ya kufungulia mazungumzo, na hakuna anayeitilia maanani. Ukiikubali papo hapo, watu wanakutazama vibaya, wanadhani una wazimu au fedha zako si za halali. Bei ya mwisho inakuja baadaye sana, mikono ikiwa imelowa jasho, na hakuna mtu mwingine anayeijua ila hao wawili.

Hivyo ndivyo baba alivyofanya biashara tangu ujana wake. Basi siku ya kufungua bahasha za tenda alikuja ofisini mapema, amevaa kanzu ya Ijumaa, koti juu yake, na shuka jipya begani. Aliketi kwenye benchi la nje. Nilimpelekea chai, nikarudi kwenye kazi yangu. Ndani, bahasha zilifunguliwa, bei zikasomwa, zikaandikwa, na shughuli ikaisha kabla ya saa tano. Tajiri wa mlimani akapata tena. Waheshimiwa waliotumwa kutoka mkoani wakaingia kwenye gari lao, wakaenda zao.

Baba alibaki pale pale. Saa nane mchana ofisa wetu wa ugavi, mtu wa Mkoa wa Kati, mstaarabu, aliyekuwa na miezi michache tu tangu ahamishiwe Isiolo, alitoka kwenda kula akamkuta. Mimi nilikuwa dirishani, na nilisikia kila neno.

"Habari, mzee. Unangoja nani?"

"Nangoja nyinyi."

"Sisi tulimaliza tangu asubuhi."

"Hamjaniita."

"Tukuite ya nini?"

"Tuongee. Si mmeona bei yangu?"

"Tumeiona. Iko juu sana, mzee."

"Najua iko juu," baba akasema, kwa upole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. "Ndio maana nangoja tuongee."

Ofisa alinigeukia pale dirishani, akitaka nimsaidie. Sikumsaidia. Akamwambia baba kwamba kwenye tenda hakuna kuongea, mtu akishaandika ameandika. Baba alisimama taratibu, akakunja shuka lake.

"Hiyo ni biashara gani? Mtu anataja mara moja tu, halafu mlango unafungwa?"

Kisha akaondoka. Wenzangu wawili ofisini walikuwa wanacheka, wameziba midomo kwa karatasi. Niliona aibu, na nitasema kweli: aibu ile ya kwanza haikuwa kwa ajili yake, ilikuwa kwa ajili yangu. Nilimwonea haya baba yangu aliyekaa kwenye benchi saa sita nzima akiingoja serikali itoe mkono. Ya kumwonea huruma ilikuja baadaye, nikitembea kurudi nyumbani nimeshika viatu mkononi.

Hakuizungumzia tena tenda kwa miaka. Nikileta habari za ofisini, aliniambia, "Nyinyi na bahasha zenu," akageuza mazungumzo. Aliendelea kumuuzia mbuzi yule yule tajiri, na mbuzi waliendelea kwenda kuona mlima.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini serikali ikasema mambo ya wilaya yaamuliwe wilayani. Tulipata kamati yetu ya tenda, na baadaye ikafika barua ambayo niliipiga chapa nakala nyingi, karatasi za kaboni zikinichafua vidole. Ilisema kwamba biashara za wenyeji zipewe upendeleo. Mwenyeji akizidi bei ya mgeni kwa kiasi kidogo, apewe mwenyeji. Basi. Maneno machache sana kwa jambo kubwa kama hilo.

Ofisini yalizuka mabishano ambayo hayakuwa madogo. Mwenyeji ni nani? Karani mmoja, kijana wetu wa mjini, alisema jambo liko wazi: mwenyeji ni Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu, watu wa mifugo, na wengine wote ni wapita njia. Nilimuunga mkono kwa kelele nyingi. Ulikuwa wakati wetu sasa, nilisema. Ofisa wa ugavi alitusikiliza mpaka tukachoka. Kufikia hapo alikuwa ameshakaa Isiolo miaka ya kutosha, ngozi imemkauka kwa upepo kama sisi sote.

"Mimi kwangu mwenyeji ni mtu mmoja tu," akasema. "Ni yule ambaye nyama ikioza leo, kesho asubuhi nitampata."

Nilibeba mabishano yale mpaka kwa baba, nikitarajia ataniunga mkono. Karibu na bucha yake palikuwa na duka la Mmeru mmoja, Mkristo, muuza unga na maharagwe, ambaye tangu barua ile isikike mjini alikuwa amekosa raha. Alihofia kwamba sasa atahesabiwa mgeni. Nikamwambia baba kuwa kwa kweli yule ni mgeni, kwao ni Meru, Krismasi ikifika anafunga duka anapanda gari.

Baba alinikasirikia. Si mara nyingi alinikasirikia.

"Mtoto wake wa kwanza amezikwa hapa," akasema. "Wewe unataka awe mwenyeji kwa kitu gani tena?"

Mpaka leo, kila nikisikia watu wakipigania neno hilo la wenyeji, na kwetu Isiolo halijaacha kupiganiwa, namsikia baba akisema maneno yale huku akinoa kisu, wala hajainua kichwa. Nilikuwa nimesoma kuliko yeye, nilikuwa nimeiandika barua yenyewe kwa vidole vyangu, na yeye ndiye aliyeielewa.

Halafu ukaja ukame. Waliokuwapo miaka ile wanaukumbuka, sina haja ya kuueleza sana. Mifugo ilikonda, kisha ikaanza kufa, na watu wa mjini wakaacha kununua nyama kwa sababu hata sukari ilikuwa shida. Bucha ya baba ilikaa siku nzima bila mteja. Wachungaji wake wawili walikuwa wamekwenda kwao. Alikuwa amezeeka, magoti yanamuuma, mama alishatutoka, na mimi niliyekuwa nimeolewa hapo hapo mtaani kwake ndiye niliyempelekea chakula. Bucha ikifungwa, kingebaki kitu kimoja tu: kutembea mpaka Kipsing kwa magoti yale, kutafuta mbuzi mmoja mmoja. Asingefika mbali. Nilijua, naye alijua.

Ndipo nilipoileta tena karatasi ya tenda ya nyama. Kabla ya hapo nilikwenda kwa ofisa wa ugavi nikamwambia waziwazi kwamba baba yangu anataka kuomba. Alifikiri, akasema, "Siku ya kufungua hutaingia humo ndani. Matokeo atapiga chapa mwingine. Na bei ya mtu yeyote usimwambie." Nikamwambia sijui bei ya mtu yeyote, na ilikuwa kweli.

Baba aliitazama karatasi kama mtu anayemtazama mbwa aliyewahi kumuuma.

"Abba," nikamwambia, "safari hii andika bei ya mwisho. Ile ya mwisho kabisa. Hakuna kuongea."

"Bei ya mwisho sina."

"Unayo. Iko kichwani mwako."

"Haiko kichwani, intala." Hivyo ndivyo alivyoniita tangu nizaliwe, msichana tu, kwa Kiborana chetu. "Bei ya mwisho haikai kwa kichwa. Inatoka wakati mtu amekushika mkono. Sasa nani amenishika?"

Tulibishana alasiri nzima. Nilimwambia mambo ya ovyo, kwamba ushamba wake ndio ulitukosesha mara ya kwanza, kwamba watu walimcheka akiwa kwenye benchi. Hilo sikuwa nimewahi kumwambia. Papo hapo nikajichukia. Na ni kwa sababu ya kule kujichukia, nafikiri, kwamba nilivuta mkeka karibu, nikachukua shuka lake pale lilipokuwa, nikamwambia:

"Haya. Mimi ndio serikali. Lete mkono."

Alinitazama. Wanawake wa kwetu huuza maziwa, na huuza kwa mdomo, mchana kweupe. Chini ya shuka ni mambo ya wanaume. Lakini lugha ile ya vidole niliijua. Hesabu zangu za kwanza maishani alinifundisha hivyo, kabla sijaingia shule, akinibana vidole vidogo. Akaangalia mlangoni kama kuna mtu, akacheka kidogo, akaniletea mkono.

Nikaifunika mikono yetu. Mkono wake ulikuwa mgumu na mkavu. Akanibana bei ile ile ya kuanzia, ya juu mbinguni. Nikatikisa kichwa, nikasema kwa sauti ya ofisa kwamba serikali ina wauzaji wengi. Akaniuliza kama huko serikalini mvua imenyesha. Nikamwambia bado, nikamshusha vidole viwili. Akasema mbuzi wamekonda, unachinja wawili kupata nyama ya mmoja. Akateremka kidogo. Nikamvuta tena. Akataja gharama ya wachungaji, nami nikamwambia shule inaweza kuwapikia watoto maharagwe mwaka mzima na hakuna atakayekufa. Akacheka. Alikuwa amechangamka kwa namna ambayo sikuiona tangu mama afe, macho yanameta, na mimi vilevile nilikuwa nimenogewa. Akateremka tena. Nikamvuta tena.

Nilimvuta kwa nguvu sana. Nataka niseme sababu yake, kwa kuwa ndiyo iliyobaki kunisumbua. Ile barua ya upendeleo niliijua neno kwa neno, lakini sikuiamini. Nilikuwa nimepiga chapa barua nyingi nzuri katika maisha yangu, za maji, za mabomba, za zahanati, na nyingi niliziona zikifa ndani ya faili. Nilijiambia kwamba mzee wangu hatapewa kitu kwa hisani, kwa hivyo lazima awe chini ya kila mtu. Nikambana vidole, nikavishikilia, sikuachia. Aliacha kuongea. Mkono wake ulikaa ndani ya wangu, halafu akaukubali ule ubano wangu.

"Andika," akasema.

Nikaandika. Nilifurahi mno. Nilijiona nimetegua kitendawili ambacho kilikuwa kimewashinda wote wawili, serikali na baba.

Siku ya kufungua sikuingia. Nilikaa kwenye chumba cha taipureta, nikipiga makosa kila mstari. Saa sita ofisa alitokeza kichwa mlangoni akasema, "Mwambie mzee ajiandae." Niliacha kila kitu, nikakimbia mpaka buchani, na viatu vile vile vya visigino. Baba aliinua mikono akamshukuru Mungu. Mmeru wa dukani akaja akampa mkono, kisha akarudi akatuletea soda tatu, zote moto.

Wiki iliyofuata nilipewa faili niiweke kabatini. Niliifungua. Naweza kusema nilitaka kuona jina la baba kwenye mkataba, na ni kweli, lakini macho yalikwenda moja kwa moja kwenye orodha ya bei. Baba alikuwa wa chini kabisa. Aliyemfuata alikuwa yule tajiri wa mlimani, na alikuwa juu yetu kwa shilingi tano katika kila kilo. Tano! Baba angeweza kuongeza nne na bado angekuwa wa kwanza. Angeweza kuongeza sita, akamzidi tajiri kidogo, na wangempa hata hivyo, kwa sababu ni mwenyeji. Ndiyo iliyokuwa kazi ya ile barua. Pembeni ofisa alikuwa ameandika kwa wino mwekundu maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: Mwenyeji. Upendeleo haukuhitajika.

Niliketi nimeishika ile faili mpaka mtu akaniuliza kama naumwa. Sikumwambia baba. Alipouliza, kama muuzaji yeyote anavyouliza, yule wa pili alitaja ngapi, nilimwambia tulimshinda kwa kidogo tu. Alitabasamu. "Sasa unaona," akasema, "tulimpima vizuri."

Miezi ya kwanza aliimudu. Mbuzi walikuwa bei ya chini kwa sababu kila mfugaji alitaka kuuza kabla hawajamfia. Kila asubuhi kabla ya saa mbili nyama ilikuwa shuleni, mbichi kabisa, imechinjwa alfajiri ile ile, na mpishi wa shule aliniambia watoto sasa wanamaliza sahani. Baba alitembea mjini kifua mbele. Bucha ilipakwa rangi. Wachungaji wawili wakarudi.

Kisha mvua ikanyesha. Wilaya nzima ilifurahi, naye alifurahi, alisimama uani bila kofia ikamlowesha. Na hapo ndipo hasara ilipoanza. Majani yalipoota hakuna mfugaji aliyetaka kuuza. Kila mtu alikuwa anajenga upya zizi lake, na mbuzi jike alilindwa kama bi harusi. Bei zilipanda kila wiki, Oldonyiro, Kipsing, kote, lakini ya baba ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba, kwa mwandiko wangu. Aliuza ng'ombe wake wachache ili anunue mbuzi. Akakopa mbuzi kwa shemeji zake. Aliwaachisha kazi wachungaji akaenda Kipsing mwenyewe, kwa magoti yale, jambo ambalo nilijidai nimemwokoa nalo. Hakukosa kupeleka nyama hata asubuhi moja.

Mwezi wa mwisho wa mkataba nilimkuta amelala mkekani, ameinyoosha miguu, imevimba. Nilikuwa nimekuja na mafuta ya kumkanda. Nikamkanda bila kusema, mwishowe nikashindwa.

"Abba, nilikudanganya. Yule wa pili alikuwa juu yetu kwa shilingi tano."

Mguu wake haukutikisika.

"Tungeongeza nne tungepata," nikasema. "Tungeongeza hata sita. Kulikuwa na upendeleo. Mimi ndiye niliyekushusha."

"Nilijua imeenda chini sana," akasema. "Nilijua wakati ule ule, kabla hujaandika."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa naona vile unataka." Alivuta pumzi. "Mtu mwingine akivuta namna ile, namwachia mkono, naenda zangu. Hiyo ndiyo kazi. Mbuzi inabaki yangu, na yeye anabaki na pesa yake. Sasa wewe ningekuachia mkono namna gani?"

Nililia pale pale, mikono imejaa mafuta, siwezi hata kujifuta. Aliniacha nilie. Aliporidhika kwamba nimemaliza, aliniambia mguu wa pili bado.

Nilidhani hatataka kusikia tena habari ya tenda. Nilikosea. Mwaka uliofuata aliipata, na ule uliofuata pia, kwa bei iliyomlisha, ambayo ilikuwa juu ya ile ya tajiri kwa kiasi kidogo, na kamati ilimpa kwa sababu ni wa hapa. Ile barua, ambayo sikuiamini, ilimfanyia kazi bila kelele. Lakini bei zile sikuziandika mimi. Nilipomletea karatasi mwaka ule wa baada ya hasara, nikavuta mkeka na kuchukua kalamu kama kawaida yangu, aliichukua karatasi mkononi mwangu, akaikunja, akaitia mfukoni mwa koti.

"Safari hii ataniandikia jirani mwenye duka," akasema. "Huyo naweza kumkatalia."